Kitanda Ndani ya Kirikuu

Hakuna gari dogo duniani, kuna fundi mdogo. Maneno hayo ni yangu, nimeyatunga mwenyewe, na siku niliyoyasema nilikuwa nimesimama barazani kwa Mjomba Mwinyimvua, hapa Kibiti, mguu mmoja juu ya ngazi kama mtu anayepigwa picha ya kampeni. Nikaongeza kwamba nikipewa kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, na nafasi ya kufikiri, nitaingiza baiskeli mbili na watu wawili waliolala, wageuke wakitaka, na mahali pa kuku pabaki.

"Kuku wa nani?" akauliza Hajira.

"Kuku wa ushindi."

"Fundi maneno huyo," akamwambia baba yake. "Baba, tutafute mwingine."

Hajira ni binti wa mjomba wangu, kwa hiyo ni mtani wangu kihalali. Akinitukana sina pa kwenda kushtaki. Lakini siku ile utani wake ulikuwa na wasiwasi ndani yake, na nilijua kwa nini.

Hajira anaendesha baiskeli. Simaanishi baiskeli ya kupeleka mpunga mashineni. Namaanisha anatoka Kibiti mpaka darajani Ndundu na kurudi kabla wenye maduka hawajaondoa vitasa, hijabu kaibana chini ya helmeti, na madereva wa malori ya korosho wanampigia honi za heshima. Mashindano ya kusini mwaka huu yanafanyika Mtwara, na klabu moja ya Dar imesema msichana atakayeshika nafasi tatu za mwanzo wanamchukua, wanamlea, wanampa mwalimu. Wamemwazima hata baiskeli, nyepesi kama unyoya, kwa sharti moja: usiku ilale ndani ya kufuli.

Mjomba hakukataa mbio. Watu hudhani wazee wetu hukataa kila kitu. Huyu wa kwetu ndiye anayemshikia saa. Alichokataa ni gesti.

"Binti yangu halali kwenye nyumba ambayo ufunguo wa pili anao mtu nisiyemjua," alisema, na hakupandisha sauti. Mjomba asipopandisha sauti, ndiyo limekwisha.

Basi ikakubalika hivi. Mjomba Sufiani, mdogo wake, ana kirikuu ya bodi iliyofungwa, anayosambazia mikate. Ataiendesha yeye mpaka Mtwara na usiku atalala kiti cha mbele. Nyuma atalala Hajira na shangazi yake, mlango umefungwa kwa ndani. Na shangazi yake huyo, Bi Zamda, ni mama yangu mzazi. Mama asipoenda, Hajira haendi. Mama akikosa pa kulala, hawezi kwenda. Mambo yote, kuanzia klabu ya Dar mpaka mwalimu, yakawa yamesimama juu ya kitanda ambacho bado hakipo, na fundi wa hicho kitanda ni mimi.

"Basi baiskeli zilale gesti," nilijaribu kushauri, "watu walale garini."

"Na huyo mwenye ufunguo wa pili," akasema Mjomba, "ataiba baiskeli au ataiba ukuta?"

Nikaenda kuliangalia gari.

Sasa, mimi ni fundi wa kuchomelea madirisha, na seremala wa dharura. Fom foo nimemaliza. Hesabu sikuifeli, ilinikataa tu, kama posa. Lakini ilitosha kunionyesha kwamba kirikuu ile, ukifungua mlango wa nyuma, ni chumba cha kupangisha cha kuku mmoja mpweke. Inanukia mkate vizuri, hilo sikatai. Nikaingiza baiskeli ya klabu. Ikajaa. Nikaitoa. Nikaingia mimi, nikalala. Nikajaa mimi. Nikakaa nikaitazama baiskeli iliyo nje, na yenyewe ikanitazama, kila mmoja anamsubiri mwenzake aondoke duniani.

"Vipi?" akauliza Mjomba Sufiani, anatafuna korosho.

"Linaingia."

"Nini linaingia?"

"Wazo, Mjomba. Wazo linaingia."

Nikaileta na ile ya Hajira ya mazoezi, nikavua magurudumu yote manne. Baiskeli bila magurudumu ni kitu cha adabu zaidi. Nikazisimamisha upande wa kulia, moja imeegemea nyingine, pedeli zimefungwa kitambaa, magurudumu nikayatundika kwenye paa. Upande wa kushoto ukabaki uchochoro. Ndani ya uchochoro huo nilitakiwa kulaza wanawake wawili, basi hapo hakuna hila ila mmoja juu, mmoja chini, kama vitanda vya bwenini. Hajira juu, kwa kuwa ni mwepesi. Mama chini, kwa kuwa ni mama.

Ndipo nikahitaji kipimo. Urefu si tatizo. Tatizo ni upana, maana kila kidole nilichompa mtu nilikuwa nakinyang'anya baiskeli. Nilitaka kujua ni wembamba gani wa mwisho ambao mtu mzima anaweza kulala juu yake na bado akaitwa mtu aliyelala.

Mama alikuwa ndiyo kwanza amefika kutoka Mbwera, kule visiwani kwenye delta, kwa boti mpaka Nyamisati na kutoka Nyamisati kwa bodaboda. Alikuja na gunia dogo la mchele, jiko la mkaa, na kapu la kamba wakavu, kwa sababu mama yangu haamini kwamba Mtwara kuna chakula. Mama ameshiba baraka za Mungu. Akikaa kwenye boti, nahodha huwaomba wengine wahamie upande wa pili. Nikamkuta barazani anapumzika, na mimi akili yangu yote iko garini, mkononi nina kamba, nikasema:

"Mama, hebu lala hapo chini nikupime."

Mama akavuta miguu yake, akaificha chini ya kanga.

Kwetu huku, mtu hulazwa chali akapimwa kwa kamba mara moja tu, na yeye mwenyewe hayupo kuona. Kamba ile hupelekwa kwa wachimbaji. Kumpima mtu hai amelala ni uchuro. Wapo watu hawamruhusu hata fundi cherehani awapime wamekaa. Nilikuwa najua. Mtoto mchanga wa Kibiti anajua. Ulimi ulitangulia tu, akili ikafuata nyuma na baiskeli.

"Mimi nimefunga safari kwenda Mtwara," akasema Mama polepole. "Wewe mwenzangu unanipimia safari ya wapi?"

"Mama, ni kitanda tu…"

"Ondoa hiyo kamba mbele yangu."

Nikamgeukia Hajira. Akaruka nyuma kama ameona nyoka. "Ishia hapo hapo! Mimi naenda kushindana. Nikipimwa leo nikianguka Mtwara nitasema ni wewe."

"Nikupime umesimama basi."

Urefu akanipa, mlangoni, kwa chaki. Mama naye, baada ya kubembelezwa na chai, akanipa urefu wake mlangoni. Upana hakunipa mtu. Na niwaulize nyinyi: kijana gani, aliyelelewa na watu, atamzungushia mama yake mzazi kamba nyonga mbele ya kaka zake?

Nilikwenda kuswali alasiri nikiwa nimeshindwa. Baada ya sala watu wakatawanyika, nikapita nyuma ya msikiti kuelekea barabarani, na mlango wa kibanda ulikuwa wazi. Humo ndani, juu ya magogo mawili, limekaa jeneza la msikiti. Nikasimama.

Sikilizeni nilivyofikiri, maana hata leo naona hoja haina tundu. Kitanda kile kimebeba watu wazima wote wa mtaa wetu, wanene kwa wembamba. Kimembeba marehemu mwenye mashine ya kukoboa, ambaye akiwa hai alikuwa ananunua tiketi mbili za basi. Hajarudishwa mtu hata mmoja nyumbani akaambiwa akapungue kwanza. Na kinapita kila mlango na kila kichochoro cha Kibiti. Ukitaka wembamba wa mwisho wa binadamu, ndiyo huo. Waliokwisha kuupima wana uzoefu kuliko mimi.

Nikachungulia kulia, nikachungulia kushoto. Hakuna mtu. Nikaingia, nikajilaza. Nikanyoosha mikono ubavuni, nikafumba macho. Pakanitosha! Bega halikugusa. Nikatoa kamba, nikapima urefu, nikapima upana, nikafunga mafundo, nikatoka nikijisikia kama mtu aliyeiba mtihani.

Kazi ikaenda kama maji. Nilikuwa na pau za mkoko zilizobaki tulipoezeka jiko la Mama kule Mbwera, ngumu, zimenyooka. Nikatengeneza chaga mbili, nikazisuka kamba katikati. Ya chini nikaiwekea vizuizi vya pembeni, Mama asije akaangukia baiskeli. Kisha nikafikiri kwa mbali zaidi: mtu mzima ataingiaje uchochoro ule kwa magoti? Nikaifanya chaga ya chini iwe ya kuvutwa, itoke nje yote kama droo. Ndiyo maana nikaziacha ncha za pau zitokeze, mbili mbele, mbili nyuma, za kushikia. Cheni za baiskeli zina grisi, na Mama ana nguo safi. Nikapinda fito juu ya chaga kama upinde, nikatandaza shuka la kukinga. Shuka lililokuwepo lilikuwa la kijani.

Mnacheka. Ninyi mmesimama mbali. Fundi akiwa ndani ya kazi haoni kazi, anaona misumari.

Siku moja kabla ya safari, mchana, tukafanya majaribio. Nilikuwa nimemwagiza Mjomba Sufiani aegeshe gari makalio yakiangalia barabara kuu, kwa sababu nilitaka watu waone. Kituo cha bodaboda kiko pale pale, na muuza korosho, na abiria wanaosubiri mabasi ya kusini. Baiskeli ziliingia. Magurudumu yakakaa paani kama mapambo ya harusi. Mchele ukaingia, jiko likaingia, kapu la kamba likaingia chini ya baiskeli. Hajira akapanda juu, akajinyoosha, akapiga ukuta kwa kiganja.

"Saidy!" akaita kutoka ndani, na sauti yake haikuwa na utani hata kidogo. "Saidy, inawezekana!"

Ningekufa dakika ile, mngenizika nacheka.

Hajira akashuka. Tukaivuta chaga ya chini nje kidogo, Mama akavua viatu, akasema bismillahi, akakaa, akajilaza. Mimi na Mjomba Sufiani tukaisukuma ndani. Ikaingia yote, ikagota mwisho. Watu wawili watatu wakapiga makofi.

"Mama, vipi?"

"Nimeingia," sauti ikajibu.

"Geuka basi, uonje."

Pau zikalia kidogo.

"Mama?"

"Sigeuki."

"Jaribu kwa ubavu wa kulia."

"Saidy, nimekwambia sigeuki. Nimekaa kama kisu kwenye ala. Na kuna chuma kinaniangalia tumboni."

Chuma kile kilikuwa pedeli. Na hapo, nimeinama mlango wa nyuma nimeshika taa ya simu, ndipo nilipoelewa kosa la hesabu yangu. Wale wateja wengine wote wa jeneza hawageuki. Hawakunji goti, hawavuti pumzi, hawanyanyui kiwiko kujikuna. Mtu aliye hai anaomba nafasi ya ziada kwa ajili ya huo uhai wenyewe, na mimi sikuuwekea hata kidole.

"Toa baiskeli apate nafasi," akasema Mjomba Mwinyimvua kutoka barazani.

Baiskeli hazitoki, zimebanwa na chaga ya juu. Chaga ya juu haitoki mpaka gunia la mchele liondoke. Gunia liko miguuni kwa Mama. Kila kitu nilikuwa nimekifunga kwa ufundi mkubwa, kila kimoja kinamshika mwenzake, na Mama ndiye kabari ya katikati. Nilivuta huku, nikasukuma kule. Nikamwona Hajira amesimama kando, kaweka mikono kichwani juu ya hijabu, hasemi. Yeye kukosa neno la kunitania, hapo ujue ni msiba.

"Ivute yote," akasema Mjomba Sufiani. "Si umesema inatoka kama droo?"

Ilikuwa inatoka kama droo. Lakini droo yenye mama yangu ndani haishikwi na watu wawili. Vijana wawili wa bodaboda wakaja mbio, wakashika ncha za mbele. Mimi na Mjomba Sufiani tukashika za nyuma. Mama, kuona watu wamejaa, akajifunika uso kwa kanga kwa haya. Tukavuta. Ikatoka. Nyuma ya gari kuna mtaro, hakuna pa kuiweka chini, ikabidi tuinyanyue mabegani tuvuke mpaka ng'ambo penye uwanja.

Basi jiwekeni mahali pa walioko barabarani. Mmesimama mnasubiri basi. Kutoka uani kwa watu wanatokea wanaume wanne, wamebeba begani kitu chenye upinde na shuka la kijani, na nyuma yao mzee amesimama barazani kashika kidevu.

Muuza korosho akaweka sinia chini. Akatoa kofia mfukoni, akavaa.

"La ilaha illallah," akasema.

Na kwetu jeneza halipiti mtu akalitazama. Unalipokea, unalibeba hata hatua chache, upate thawabu, kisha unampisha mwingine. Ukiguswa bega, unaachia. Hiyo ndiyo adabu. Waliotoka foleni ya basi walikuja mbio. Mtu akamgusa kijana wa kwanza wa bodaboda, akaachia. Akaguswa wa pili. Mjomba Sufiani akaguswa, na kwa mazoea ya miaka yake yote, akaachia! Nikahisi mkono juu ya bega langu.

"Mpishe mwenzio, ndugu."

"Hapana, subirini, huyu…"

"Nimekugusa, ndugu."

Nikaachia. Mwili uliachia wenyewe. Na jeneza, yaani kitanda, likashika njia ya msikitini, watu wanapokezana, shahada inapanda, na mimi nafuata nyuma ya mama yangu.

"Yuko hai!" nikapiga kelele. "Jamani, yuko hai!"

Mzee mmoja nisiyemjua akanishika kiuno kwa huruma. "Yuko hai kwa Mola wake, mwanangu. Vumilia. Sote tulisema hivyo hivyo."

"Mzee, ni mama yangu!"

"Ndiyo, ndiyo. Mama hana badala. Lia tu."

Nikalia kweli. Sikuwa na la kufanya lingine. Nilipita mbele, nikasukumwa nyuma kwa upole. Nilikamata ncha, nikaguswa bega. Hajira alikuwa anakimbia pembeni akiita "Shangazi! Shangazi!", na mama ntilie wa kituoni wakamkamata wakamkalisha chini, wakamwambia wanawake hawaendi makaburini.

Aliyetuokoa ni Mama. Karibu na kona ya msikiti sauti ikatoka chini ya shuka, nzito, ya mtu aliyekosewa:

"Jamani, mnanipeleka msikitini, na mchele wangu nani anaulinda?"

Niseme kwa haki ya watu wa Kibiti: hawakuiangusha. Waliishusha chini kwa adabu zote, taratibu, mpaka ikatulia. Ndipo wakakimbia. Muuza korosho mpaka leo hajarudi kuchukua sinia lake kwa mkono wake; amemtuma mtu.

Tulimrudisha Mama nyumbani kwa miguu yake. Akakaa barazani, akanywa maji, akanywa tena. Mjomba Mwinyimvua akamuuliza kwa nini hakusema mapema.

"Nilikuwa nimefunikwa," akasema Mama. "Nikahisi nimenyanyuliwa. Nikasikia shahada, watu wengi, na mwanangu analia nyuma. Nikasema, huenda kweli."

Hakuna aliyecheka. Mjomba Sufiani alitaka, akageukia ukuta.

"Mimi sipandi tena," akasema Mama. "Hajira mwanangu, unisamehe. Mtu akishatangulizwa hivi, hasafiri."

Hajira alikaa kwenye ngazi, akawa anaizungusha pedeli moja aliyoifungua garini, inazunguka, inasimama. Kesho alfajiri ndiyo safari. Hakuna shangazi mwingine. Mama yake yuko Ngarambe anaulinda mpunga usiliwe na nguruwe.

Mjomba Mwinyimvua alishuka, akaenda kuizunguka ile chaga, iliyokuwa imerudishwa uani. Akagusa ncha za pau. Akanyanyua shuka kwa kidole kimoja. Akarudi akasimama mbele yangu.

"Saidy. Kipimo hiki umekitoa wapi?"

Uwanja mzima ukawa masikio. Mama akanitazama. Hajira akaacha kuzungusha pedeli. Nikaona kabisa mbele yangu njia mbili. Kipimo kikiwa ni cha jeneza, Mama halali tena ndani ya gari lile hata likigeuzwa jumba la kifalme, na Mjomba hatamlazimisha, na imekwisha. Kikiwa ni cha kitanda kibaya tu, kitanda kibaya kinarekebishika.

"Bwenini, Mjomba," nikasema. "Vile vitanda vya bwenini, kama tulivyolalia shule. Nilipima kimoja cha rafiki yangu."

"Cha bwenini?"

"Cha bwenini."

Mjomba alinikazia macho, kisha pumzi ikamtoka. "Basi. Kitanda cha bwenini si uchuro, ni dhiki tu." Akamgeukia dada yake. "Unasikia, Zamda? Ni ujinga wa mtoto wako, si kitu kingine. Akate hizo ncha. Aondoe hilo shuka la kijani. Baiskeli moja ibaki, iende ile ya klabu peke yake, wewe upate pa kugeukia."

"Ile ya mazoezi ibaki tu, mimi sijali," Hajira akasema haraka. "Shangazi, nitakuachia na mto wangu."

Mama akavuta kanga begani. "Cha bwenini kweli?" akaniuliza.

"Kweli, Mama."

"Mlilala humo miaka minne?"

"Humo humo."

"Masikini wanangu," akasema Mama, na uso wake ukaanza kulegea. "Haya. Kalete msumeno, nione unavyokata."

Hajira akasimama. Alitabasamu, akanipiga ngumi ya bega, ngumi ya mtani, na mimi nikaenda kuuchukua msumeno nikiwa mwepesi kama ile baiskeli yake.

Niliporudi, Mzee Abdala alikuwa anaingia uani. Mzee Abdala ndiye muadhini wetu, ndiye mwenye ufunguo wa kibanda, na habari za msiba zilikuwa zimemfikia kabla ya habari za uhai. Alikuwa anahema. Wakampa kiti, wakamweleza, akashukuru Mungu, akampa Mama mkono wa pole na wa hongera kwa pamoja. Kisha akaniona nimesimama na msumeno, na Mjomba akawa anamwambia kwamba kijana huyu ndiye chanzo cha fujo yote.

"Msimgombeze huyo," akasema Mzee Abdala.

"Mzee…" nikaanza.

"Niache niseme, mwanangu. Mtu asifiwe mbele ya wazazi wake." Akaegemea fimbo, akamtazama Mama kwa upole. "Zamda, umezaa. Wiki iliyopita, baada ya alasiri, mimi nilikuwa birikani naosha miguu. Nikamwona mtoto wako anaingia kibandani. Akajilaza ndani ya jeneza. Akanyoosha mikono, akafumba macho. Kisha akatoa kamba, akajipima mwenyewe, kichwa mpaka miguu, bega mpaka bega, akafunga mafundo. Machozi yalinitoka. Nikajiuliza, vijana wa siku hizi, nani anayakumbuka mauti namna hii? Nikaondoka kimya nisimkatize."

Mama aliweka kikombe cha maji chini. Mjomba Mwinyimvua hakupandisha sauti, hakusema kabisa. Hajira alinitazama mara moja tu, akapita mbele yangu, akaingia nyuma ya kirikuu, nikamsikia anayashusha magurudumu kutoka paani, moja baada ya jingine, anayarudisha kwenye baiskeli.

Mzee Abdala alitutazama mmoja mmoja, haelewi.

"Au nilifananisha?" akaniuliza. "Si wewe yule, mwanangu?"